Umefunguliwa Shauri Mahakama ya Wilaya: Siku 21 za Kwanza na Zinazofuata

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia shauri la madai katika Mahakama ya Wilaya, Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama na sheria zake, kwa hiyo wenzetu wa huko wasiyachukue haya kama yalivyo. Nazungumza na mdaiwa, yaani yule aliyeletewa karatasi mlangoni na hajui aishike au airudishe.

Ishike. Karatasi hiyo ni hati ya wito, wengi tunaiita samansi, nayo huja pamoja na hati ya madai. Mpeleka samansi atakuomba usaini nakala yake. Saini bila hofu. Kusaini si kukubali deni, ni kukiri kwamba umepokea tu. Anayekataa hazuii kesi. Samansi itabandikwa mlangoni kwake, mara nyingi mwenyekiti wa mtaa akishuhudia, mpeleka samansi ataapa kwamba amefanya hivyo, na mahakama ikiridhika itahesabu kuwa mdaiwa amefikiwa. Akijificha kabisa, mahakama inaweza kuamuru wito utangazwe gazetini. Aliyekataa anabaki na hasara moja kubwa: siku zinahesabiwa, na yeye hana hata hati ya madai ya kusoma.

Sasa siku zenyewe. Samansi ya kukutaka ulete utetezi inakupa siku 21 kuwasilisha utetezi wa maandishi. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Siku uliyopokea haihesabiwi: ukipokea tarehe 3 Machi, mwisho wako ni tarehe 24 Machi. Andika tarehe ya kupokea kwenye nakala yako palepale, maana baadaye inaweza kubishaniwa.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na inauma kwa sababu pengine walikuwa na haki. Samansi huwa na tarehe ya kufika mbele ya hakimu. Mdaiwa anaiona tarehe ya mwezi ujao, anasema moyoni, "Nitajieleza siku hiyo." Siku hiyo ikifika, 21 zimekwisha, faili halina utetezi, na mdai, yaani aliyekushtaki, anaomba kuendelea upande mmoja, bila wewe kusikilizwa. Nyongeza ipo, lakini ni finyu: unaomba kabla muda haujaisha, au ndani ya siku 7 baada ya kuisha, na ukionyesha sababu ya msingi mahakama inaweza kukuongezea siku 10. Cheti cha kulazwa hospitali ni sababu. "Sikujua sheria" si sababu. Na kama hukumu ya upande mmoja imeshatoka, una siku 30 kuomba itenguliwe, ukieleza kwa hati ya kiapo kilichokuzuia.

Kabla hujaandika utetezi, angalia mambo mawili. Mosi, je, mahakama hii ina mamlaka? Kwa madai ya kawaida ya fedha kikomo cha Mahakama ya Wilaya ni shilingi milioni 200, na mashauri ya kibiashara yana kikomo cha chini zaidi. Mgogoro wa umiliki wa ardhi una njia yake, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mgogoro wa mwajiri na mwajiriwa huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Pili, je, dai limepitwa na wakati? Dai la mkataba lina miaka 6, dai la madhara kama ajali au kashfa lina miaka 3. Ila angalia: ukilipa sehemu ya deni, au ukilikiri kwa maandishi yenye saini yako kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya.

Hoja hizi zinaletwa kama pingamizi la awali. Tangu shauri la Mukisa Biscuit la mwaka 1969, mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia kwamba pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu, isiyohitaji ushahidi. Ukiandika "pingamizi: nilishalipa," hilo halitasikilizwa kama pingamizi. Kulipa ni jambo la kuthibitisha, linakaa ndani ya utetezi.

Utetezi unajibu aya kwa aya. Sentensi moja ya "mdaiwa anakanusha madai yote" ni hatari, kwa sababu jambo lililodaiwa na lisikanushwe waziwazi huhesabiwa limekubaliwa. Andika hivi: "Aya ya 5 inakanushwa. Mdaiwa alipokea mifuko 120 ya saruji, si 200, na aliilipia shilingi 1,920,000 kwa simu." Taja tarehe, kiasi, njia ya malipo. Kama mdai naye ana deni kwako, weka madai kinzani humohumo, ukijua yanalipiwa ada. Mwishoni kuna uthibitisho: unasema aya zipi unazijua mwenyewe na zipi uliambiwa, kisha unasaini. Kasoro hapo huzaa pingamizi zisizo za lazima. Na usiogope lugha: tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hata kama hati uliyoletewa ni ya Kiingereza.

Utetezi unasajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Ukipewa namba ya malipo, lipa siku hiyohiyo na utunze risiti. Hati iliyopakiwa bila kulipiwa inakaribisha ubishi kwamba haijasajiliwa. Kisha mpe mdai nakala yake.

Baada ya hapo shauri huenda kwenye usuluhishi, usiozidi siku 30. Mnayoyasema humo hayatumiki kwenye kesi, kwa hiyo semeni kwa uwazi. Usikose kufika, maana utetezi wako unaweza kufutwa. Naamini kwa dhati hii ndiyo nafasi bora ya mdaiwa anayejua anadaiwa kitu fulani: njoo na kiasi unachoweza kulipa kwa mwezi, kilichopigiwa hesabu.

Usuluhishi ukishindikana, shauri linaendelea kusikilizwa kwa ratiba ya mahakama, kati ya miezi 10 na 24 kutegemea uzito wa shauri. Jua tofauti ya kutajwa na kusikilizwa: siku ya kutajwa mashahidi hawahitajiki, siku ya kusikilizwa, njoo nao. Kuambatanisha risiti kwenye utetezi hakuifanyi kuwa ushahidi. Lazima shahidi aitoe mahakamani, ipokelewe na ipewe namba ya kielelezo. Leta nakala halisi. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa hadi ulipiwe. Ujumbe wa simu uchapishwe, na simu yenyewe uje nayo.

Ukishindwa, rufaa ya hukumu ni Mahakama Kuu, ndani ya siku 90. Omba kwa maandishi nakala ya hukumu na tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, mara moja. Rufaa peke yake haisimamishi ukazaji wa hukumu, yaani utekelezaji wake. Kusimamisha kunaombwa kwa maombi tofauti. Riba ya deni la hukumu kwa kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka. Dalali wa mahakama hawezi kuchukua kila kitu: vitanda, vyombo vya kupikia, zana za fundi, na nyumba unayoishi na familia yako vimelindwa, isipokuwa nyumba hiyo uliiweka rehani. Kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni la hukumu, kipo, hakizidi miezi 6. Lakini huhitaji kusubiri dalali agonge: unaweza kuiomba mahakama ulipe kwa awamu. Nenda na hati ya mshahara au kumbukumbu za biashara, na awamu ya kwanza ukiwa nayo mkononi.