Mpira Uje Mwisho: Kumfundisha Mbwa Mbio za Flaiboli

Ndugu wafugaji, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmeniambia pale mlangoni kwamba mnatafuta mchezo wa kumchangamsha mbwa bila kumuumiza viungo. Flaiboli inaweza kuwa mchezo huo, kwa sharti moja: mbwa ajue kugeuka. Jambo hilo ndilo litakalochukua muda wetu mwingi.

Kwanza uwanja. Timu ina mbwa wanne wanaokimbia kwa kupokezana. Kila mmoja huruka viunzi 4, hukanyaga sanduku lenye springi linalofyatua mpira wa tenisi, huudaka, kisha hurudi kwa viunzi vilevile mpira ukiwa mdomoni. Akivuka mstari, mwenzake anaingia. Kutoka mstarini hadi kiunzi cha kwanza ni mita 1.83, kati ya kiunzi na kiunzi mita 3.05, na kutoka kiunzi cha mwisho hadi sandukuni mita 4.57. Timu mbili hushindana bega kwa bega, kila moja katika njia yake, na timu hodari humaliza mbwa wote wanne chini ya sekunde 16.

Mchezo ulianzia California, Marekani, na Herbert Wagner ndiye anayetajwa kuwa aliunda sanduku la kwanza la kurusha mpira. Chama cha NAFA, kinachousimamia Amerika ya Kaskazini, kiliundwa mwaka 1984.

Ipo kanuni moja ninayoipenda kuliko zote: urefu wa viunzi hufuata kimo cha mbwa mfupi kuliko wote katika timu. Hata mkiwa na mbwa warefu watupu, kanuni za NAFA haziruhusu kiunzi kupita sentimita 36 hivi. Kwa hiyo kijibwa mwenye miguu mifupi si mzigo. Timu humtafuta kwa bidii, maana akiwepo yeye wenzake wote wanaruka viunzi vifupi.

Sasa twende sandukuni, kwenye hatari yenyewe. Mbwa asiyefundishwa hulivaa sanduku kwa miguu miwili ya mbele. Mwili mzima unasimama ghafla juu ya vifundo na mabega, halafu anajipinda ili ageuke. Akirudia hivyo mazoezi baada ya mazoezi, anaweza kuumia. Mbwa aliyefundishwa hugeuka kama muogeleaji afikapo ukutani: anapanda kwa ubavu, miguu yote minne inagusa uso wa sanduku ulioinama, anausukuma, na anapoondoka kichwa chake tayari kinatazama alikotoka. Kishindo kilekile kimegawanywa kwa miguu minne.

Mgeuko huu hufundishwa bila mpira. Narudia, bila mpira! Mbwa akiuona mpira, akili yote inahamia mdomoni na miguu inajiendea tu. Anza kwa kuchunguza upande wake: mrushie kitu anachokipenda, mtazame anapokiokota na kurudi, je, anazungukia kushoto au kulia? Wengi wana upande wanaoupendelea, nawe ufuate huo. Kisha chukua ubao mpana, uuegemeze, uufunike kwa mkeka wa raba usioteleza, na mbele yake uweke kizuizi kifupi. Kizuizi hicho ndicho kinachomlazimisha ainue miguu ya nyuma pia. Mwongoze kwa mkono apande na kushuka, umpe kitamu, mara chache tu, kisha mpumzike. Mgeuko ukishakuwa tabia, ndipo mpira unabandikwa ubaoni, na springi inafuata baadaye kabisa.

Wakati huohuo, mahali pengine uwanjani, fundisha kurudi. Msaidizi amshike mbwa, wewe kimbia huku ukimwita kwa furaha, naye aachiwe. Weka kiunzi kimoja karibu nawe, halafu viwili, hadi vitimie. Hivyo mbwa anajifunza safari kuanzia mwisho wake, na sehemu anayoijua vizuri kuliko zote ni ile ya kuja kwako.

Swali lako, mama, ni zuri: mbwa anaudaka mpira halafu anakimbia nao kuzunguka uwanja. Huyo ameona mpira una thamani kuliko wewe. Usimfukuze, maana utakuwa umemwanzishia mchezo mwingine. Shika kamba ya kuvutana, kimbia kwenda mbali naye, na akikufikia mvutane kwa nguvu zote. Mpira uwe tiketi tu ya kuifikia kamba hiyo.

Kuhusu umri: mbwa mchanga mifupa yake bado inakua, na NAFA haimruhusu kushindana kabla ya kutimiza mwaka 1. Kabla ya hapo mchezeshe kurudi kwenye ardhi tambarare, bila kuruka. Mnene apunguzwe uzito kwanza, na mwenye nyonga mbovu apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla hajagusa kiunzi. Kucha zikatwe, mwili upashwe moto kwa kutembea, na msikimbizane kwenye saruji.

Ubao wa mazoezi uko hapa mezani. Sogeeni muushike, mpime mwinamo wake, na atakayetaka kujitengenezea achukue vipimo sasa hivi.