Benchi la kliniki ya sukari: ushauri upi uuchukue, upi uuache palepale

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Zuhura, nipo na mwenzangu Msafiri. Leo tunakaa kwenye benchi la kliniki ya sukari, pale watu wanaposubiri kuitwa tangu saa moja asubuhi. Mtu anaingia kwa daktari akiwa ameshapata ushauri wa watu watano.

MSAFIRI: Na ushauri huo una thamani, dada Zuhura, tuseme hilo mapema. Daktari ana dakika chache na wewe. Aliyeishi na sukari miaka mingi ndiye atakayekuonyesha namna ya kubeba dawa kwenye basi la mkoani, saa ngapi ule ukiwa na safari, na jinsi ya kukataa sahani ya pili ya pilau harusini bila kumvunjia mwenye shughuli heshima. Hayo hayaandikwi kwenye cheti cha dawa.

ZUHURA: Sasa mambo huharibika wapi?

MSAFIRI: Kwenye kiasi. Mwenzako akikwambia namna ya kufanya jambo, msikilize. Akianza kukupangia vidonge vingapi, yuniti ngapi, au dawa gani uache, mshukuru, halafu swali hilo lipeleke kwa daktari au mfamasia. Dozi yake ilipimwa kwa uzito wake, figo zake, mlo wake na aina yake ya kisukari.

ZUHURA: Tuanze na swali la msikilizaji: "Vidonge vyangu vimeisha. Jirani naye ana sukari, anaweza kuniazima vyake mpaka siku ya kliniki?"

MSAFIRI: Hapana, na sababu yake ni hii: vidonge vya sukari si vya aina moja. Metformini inalizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Ukiinywa peke yake, ni nadra sana ikushushe kupita kiasi. Shida yake kubwa ni tumbo kuharisha, ndiyo maana inanywewa pamoja na chakula na dozi inapandishwa polepole. Glibenklamidi ni habari nyingine kabisa. Inalibana kongosho litoe insulini, umekula au hujala, na nguvu yake inaweza kukaa siku nzima. Mzee mwenye figo dhaifu akiimeza asubuhi kisha akakosa mlo wa mchana, jioni anaweza kukutwa amezimia. Na wote wawili, wewe na jirani, mnasema tu "nakunywa vidonge vya sukari".

ZUHURA: Kwa hiyo kabla ya kulinganisha lolote benchini, soma jina na miligramu kwenye pakiti. Na dawa zikiisha kabla ya tarehe, nenda kituo cha afya na cheti chako. Huna haja ya kungoja siku ya kliniki.

MSAFIRI: Hapohapo tuingie kwenye sukari kushuka, maana ndiyo inayoua haraka na ndiyo inayotibiwa vibaya mno nyumbani.

ZUHURA: Dalili kwanza. Jasho la ghafla hata kama hakuna joto, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, midomo kufa ganzi. Ikizidi, mtu anajibu maneno yasiyoeleweka au anakuwa mkali bila sababu. Wengine humdhania amelewa, wakamwacha barazani alale. Mwenye sukari akianza kuropoka, mpime kwanza. Kama mashine haipo, mtibu kama aliyeshuka. Sukari kidogo ya ziada kwa saa moja haitamdhuru kama kuchelewa kutakavyomdhuru.

MSAFIRI: Kipimo kikiwa chini ya 4, yaani milimoli 4 kwa lita ya damu, mpe gramu 15 za sukari ya haraka. Hiyo ni vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, vikorogwe kwenye nusu glasi ya maji. Au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, soda ya kawaida, maana ile isiyo na sukari haitasaidia kitu. Au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado chini ya 4? Rudia kiasi kilekile.

ZUHURA: Hizo dakika 15 ndizo zinazowashinda watu. Mtu anatetemeka, anakunywa soda nzima, anakula maandazi matatu, anaongeza ndizi. Saa mbili baadaye mashine inasoma 18, anaogopa, anajichoma insulini ya ziada, usiku anashuka tena.

MSAFIRI: Na andazi si dawa ya kushuka, chokoleti pia si dawa. Mafuta yanachelewesha sukari kutoka tumboni kuingia kwenye damu. Andazi lije baadaye, kipimo kikishapita 4, ikiwa mlo unaofuata bado uko mbali. Hapo hata kipande cha mkate au ndizi moja inatosha.

ZUHURA: Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali mara moja. Na aliyeshuka kwa sababu ya glibenklamidi apelekwe hata akiamka na kuanza kucheka, kwa sababu dawa bado iko mwilini na itamshusha tena.

MSAFIRI: Sasa insulini. Swali: "Kaka yangu ametoka kutibiwa India, amerudi na chupa za insulini. Tunaweza kutumia mabomba ya sindano tuliyonayo?"

ZUHURA: Swali zuri sana hili.

MSAFIRI: Chukua chupa, usome ubavuni. Insulini tunayoizoea hapa ina yuniti 100 katika kila mililita. India bado wanauza sana ile ya yuniti 40. Kila moja ina bomba lake: la 40 kwa kawaida huwa na kifuniko chekundu, la 100 rangi ya chungwa, lakini usiamini rangi peke yake, soma namba kwenye bomba lenyewe. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mpaka mstari wa 20, umevuta nusu mililita, yaani yuniti 50. Umeandikiwa 20, unajichoma 50.

ZUHURA: Na kinyume chake?

MSAFIRI: Insulini ya 40 ndani ya bomba la 100, mstari uleule wa 20, unapata yuniti 8 tu. Sukari inapanda wiki nzima, watu wanamlaumu mgonjwa kwamba anakula ovyo. Chupa na bomba visome namba moja, basi. Visipolingana, usifanye hesabu za kubadilisha nyumbani, nenda duka la dawa upewe bomba sahihi.

ZUHURA: Mengine ya sindano ambayo benchi linayafundisha vizuri: insulini iliyo nyeupe kama maziwa uiviringishe taratibu kati ya viganja mara kama kumi mpaka ichanganyike sawasawa, usiitikise kwa nguvu. Ikibaki na mabonge au chembe zilizoganda ukutani mwa chupa, itupe. Ile ambayo hutakiwa kuwa angavu ikiingia ukungu, itupe vilevile. Na usichome sehemu moja kila siku. Papase tumbo kwa vidole. Ukikuta uvimbe laini kama mto mdogo, hapo insulini hainyonywi vizuri. Watu hupapenda kwa sababu hapaumi tena, kumbe ndipo dozi inapopotelea.

MSAFIRI: Wanauliza pia kuhusu friji. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia, kwa sababu insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Iliyofunguliwa inakaa nje ya friji wiki nne hivi, kwenye kivuli. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ubavuni. Asiye na friji atumie chungu cha udongo: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga umwagiwe maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu, mahali penye upepo. Dawa iwe ndani ya mfuko mkavu.

ZUHURA: Na hili si jambo la kubahatisha. Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walichukua joto lililopimwa katika nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaijaribu insulini maabara kwa wiki nne katika joto hilohilo, ikabaki na nguvu. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Mwenye friji asiache kuitumia, lakini asiye nayo asikate tamaa ya kutibiwa nyumbani kwake.

MSAFIRI: Mashine. "Yangu inasoma 8.0, ya jirani 9.0, ipi mbovu?" Pengine hakuna mbovu. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mashine ipishane na maabara kwa asilimia 15 kwenye namba kama hizo. Sukari halisi ikiwa 8.0, mashine nzima inaweza kusoma popote kati ya 6.8 na 9.2.

ZUHURA: Kinachodanganya zaidi ni kidole. Umemenya embe, ukapangusa mkono kwa kanga, ukajitoboa: unapima damu na embe. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, toboa ubavuni mwa ncha ya kidole ambako hakuumi sana. Stripu zikae kwenye kopo lake, kifuniko kifungwe hapohapo, maana unyevunyevu wa pwani unaziharibu. Na ukiletewa mashine kutoka Marekani ikakusomea 144, usizimie. Hizo ni miligramu. Gawanya kwa 18, unapata 8.

MSAFIRI: Chakula sasa. Benchi linasema dona haipandishi sukari.

ZUHURA: Inapandisha. Ina pumba, kwa hiyo ni bora kuliko sembe, lakini wanga ni uleule, na ugali wa dona wa ukubwa wa vichwa viwili vya mtoto utakufikisha kulekule. Kipimo ni ngumi yako moja. Robo ya sahani ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama, nusu nzima mchicha, matembele, kabichi. Uji wa lishe nao usikudanganye kwa jina lake: umesagwa laini, unanyweka, unapanda haraka.

MSAFIRI: Na lile la uchungu? Kwamba kitu kichungu kinakata sukari?

ZUHURA: Ulimi ndio unaoonja uchungu, damu haijui. Mwarobaini, karela, shubiri, watu wanavichemsha wakiamini hivyo. Kuna mimea inayoshusha sukari kiasi fulani, lakini kwenye sufuria hujui umekunywa kiasi gani. Karela kama mboga kwenye sahani sina ugomvi nayo. Ninachokiogopa ni mtu mwenye aina ya kwanza ya kisukari kuambiwa aache insulini anywe majani. Huyo mwili wake hautengenezi insulini. Ndani ya siku moja au mbili anaanza kutapika, tumbo linauma, anapumua kwa kina na haraka, mdomo unanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Hapo ni hospitali usiku huohuo. Nawasihi kabisa: mtoto mwenye sukari asiachishwe insulini, hata akiwa anaumwa na hali chakula. Mtoto anayeumwa hupimwa mara nyingi zaidi, na dozi hurekebishwa kwa kuongea na kliniki.

MSAFIRI: La mwisho ni presha, maana mara nyingi zinakwenda pamoja. "Nimepimwa 150 kwa 95 mara tu nilipofika, nianze dawa za mume wangu?"

ZUHURA: Usianze. Kaa kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umeegeshwa usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi tupu, kimya. Usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati, uandike zote. Rudia siku nyingine. Zikibaki 140 kwa 90 au zaidi, nenda na karatasi hiyo kwa daktari. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kikali au udhaifu wa upande mmoja, usingoje siku nyingine.

MSAFIRI: Na mume aendelee na dawa zake mwenyewe. Wiki ijayo ni miguu: kandambili, kucha, na kwa nini maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Tumeni maswali, na mkituma mtuandikie jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti.