Upopulisti: Mtu Mmoja Anapojiita Wananchi

Ndugu wasikilizaji, nianzie Argentina, maana huko wanasosholojia walihangaika sana na upopulisti, yaani siasa ya kiongozi anayejiita sauti ya wananchi dhidi ya wakubwa. Juan Perón alishinda urais mwaka 1946 kwa kura za wafanyakazi. Gino Germani, mwanasosholojia aliyewahi kufungwa katika Italia ya Mussolini, alieleza hivi: watu wamemiminika mijini kutoka mashambani, mila zilizowashika zimelegea, vyama vya siasa havijawapokea, basi wakamfuata kiongozi.

Maelezo hayo yana uzito, ila yananikera. Yanamfanya mfanyakazi aonekane kapotea njia tu. Perón alikuwa akisimamia masuala ya kazi tangu 1943, na kabla ya uchaguzi wafanyakazi walikuwa wameshapata likizo yenye malipo na mshahara wa 13, yaani mshahara wa ziada juu ya ile ya miezi 12. Walijua wanapigia kura nini!

Ernesto Laclau, mwananadharia wa siasa, naye wa Argentina, kwangu amekaribia zaidi ukweli. Huyu anadai nyumba, yule maji, mwingine mshahara. Wote wakikataliwa na wakubwa wale wale, madai huungana chini ya jina moja, na hapo ndipo “wananchi” wanapozaliwa kisiasa.

Sasa demokrasia inaumia wapi? Si kwenye hasira dhidi ya wakubwa. Hasira hiyo huweza kufungua milango: ni serikali ya Perón iliyopitisha sheria ya wanawake kupiga kura, mwaka 1947. Jan-Werner Müller, mtaalamu wa siasa kutoka Ujerumani, anasema tatizo ni kiongozi kudai kwamba yeye peke yake ndiye sauti ya wananchi. Viktor Orbán, aliyekuwa waziri mkuu wa Hungaria, aliposhindwa uchaguzi mwaka 2002, alisema nchi haiwezi kuwa upinzani. Hebu ipimeni kauli hiyo. Kama yeye ndiye nchi, aliyemshinda ni nani?

Alirudi mwaka 2010 kwa takriban asilimia 53 ya kura za orodha za vyama, akapata theluthi mbili ya viti, inayotosha kubadili katiba. Katiba mpya ikaanza kutumika Januari 2012. Umri wa majaji kustaafu ukashushwa kutoka miaka 70 hadi 62, na zaidi ya majaji 200 wakaguswa. Hapakuwa na kifaru cha jeshi barabarani; bunge lilipiga kura tu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipotamka, Novemba 2012, kwamba hatua hiyo inavunja sheria za Umoja, vyeo vingi vya juu mahakamani vilikuwa na watu wapya.