Umekwenda Kuuliza Nini? Mhadhara Kuhusu Ultrasaundi ya Mimba Changa

Habari za jioni. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kina baba mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotafuta upenyo wa kutoroka. Sogeeni mbele, leo hakuna sindano.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nilikuwa nimeshasomea ukunga na nimeshapokea watoto wengi wa wenzangu nilipopata mimba yangu ya kwanza. Siku kipimo cha mkojo kilipotoa mistari miwili sikulala. Kulipokucha tu nikaenda kupiga ultrasaundi. Kwa hesabu zangu nilikuwa wiki ya 5 na siku mbili tatu hivi. Aliyenipima akazungusha kichwa cha mashine, akanyamaza, kisha bila kunitazama usoni akasema, "Kifuko kipo, mtoto hayumo." Akanipa karatasi nijifute, akaita mwingine. Nilitoka pale nimeshazika. Siku 12 baadaye mkunga mwenzangu alinikokota kwenda kupima mahali pengine, na moyo ulikuwa unapiga. Kijana huyo siku hizi ananizidi kimo.

Mashine ya kwanza haikusema uongo. Wiki ya 5 kifuko huonekana, mtoto bado. Ila mimi nilikwenda kuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa halijaiva, na yule mpimaji akanijibu kana kwamba limeiva. Leo nazungumzia mambo hayo mawili: uende lini, na uende kwa nani.

Kabla ya yote tuelewane kuhusu hesabu, maana hapa ndipo nyumba za watu huingia moto. Wiki za mimba hazihesabiwi tangu siku mimba ilipotunga. Huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu siku hiyo wanawake wengi huikumbuka, ilhali siku ya kutunga mimba hakuna anayeijua kwa hakika. Kwa hiyo siku mimba inapotunga, vitabu vyetu vinaandika kwamba ina wiki 2 tayari. Mume amerudi safari wiki 5 zilizopita, cheti cha ultrasaundi kinasema mimba ina wiki 7, anaanza kukunja uso. Baba, kunjua uso. Hesabu imekaa sawasawa. Mimba nzima ni siku 280 kwa hesabu hii, yaani wiki 40, na wiki 2 za mwanzo hakukuwa na mimba yoyote.

Sasa, ukichungulia mapema unaona nini? Kwa kipimo cha kupitia ukeni, ambacho hukaribia mji wa mimba kuliko kile cha juu ya tumbo, kifuko cha mimba huanza kuonekana kwenye wiki ya 5, pengine siku chache kabla. Siku chache baadaye ndani yake hutokea kiduara kama pete. Hicho ndicho kinachokilisha kiinitete, yaani mtoto katika hatua zake za mwanzo kabisa, kabla kondo la nyuma halijashika kazi. Kwenye wiki ya 6 kiinitete chenyewe huonekana, kidogo kuliko punje ya mchele, na pembeni mwake kitu kinametameta haraka haraka. Huo ndio moyo. Anayepimwa juu ya tumbo asubiri kama wiki moja zaidi kuona hayo hayo. Na haya yote yanategemea kwamba yai lilipevuka siku ulizodhani. Mwenye mzunguko mrefu anaweza kujiita wiki ya 7 naye kwa kweli yuko ya 6 kasoro.

Ndiyo maana wataalamu wamejiwekea mipaka kabla ya kutamka kwamba mimba imeharibika. Kiinitete kikiwa na urefu wa milimita 7 au zaidi na moyo haupigi, au kifuko kikifikisha milimita 25 kwa wastani na ndani hamna kiinitete, hapo ndipo neno hilo hutamkwa, na hata hapo una haki ya kuomba mtu wa pili atazame. Chini ya vipimo hivyo jibu la kweli ni "bado hatujui", na mama hurudi baada ya siku 7 hadi 14. Narudia kwa sababu nimeona wanawake wakipewa vidonge vya kusafisha kizazi kwa picha moja ya wiki ya 5. Ukiambiwa mimba haipo, uliza milimita ngapi. Asiyeweza kukutajia milimita, mshukuru, vaa viatu, nenda kwingine.

Basi lini? Kama huna maumivu, hutoki damu, na hujawahi kupata matatizo, mwili wako haudai picha yoyote kabla ya wiki ya 7 au ya 8. Roho inadai, najua. Lakini wiki hizo mbili za kusubiri zinakuokolea kilio kama changu. Picha ninayoithamini kuliko zote za mwanzo ni ile ya kati ya wiki ya 11 na ya 14. Mtoto hupimwa urefu kuanzia utosini hadi matakoni, na kwa umri huo watoto wa mimba wote hukua kwa mwendo unaokaribiana sana, mrefu kwa mfupi, wa kike kwa wa kiume. Kwa hiyo kipimo hicho hukupa tarehe ya kujifungua yenye tofauti ya siku 5 hadi 7 tu. Subiri hadi miezi mitatu ya mwisho ndipo upime kwa mara ya kwanza, na tofauti inafika wiki 3 au zaidi, maana sasa watoto wameshaanza kutofautiana kama tunavyotofautiana sisi.

Nikae hapa kidogo. Kuna mama alinijia na karatasi 4 za ultrasaundi, kila moja na tarehe yake ya kujifungua. Mwezi wa tisa akaambiwa amepitiliza, aanzishiwe uchungu. Nikazipanga karatasi zile mezani. Ya kwanza ilikuwa ya wiki ya 10, na kwa hiyo alikuwa na siku 13 mbele yake. Zile nyingine tatu hazikuwa zikipima umri wa mtoto. Zilikuwa zikipima ukubwa wake, na mtoto alikuwa bonge. Tarehe ikishawekwa kwa kipimo kizuri cha mwanzo haibadilishwi tena. Mtoto akionekana mkubwa au mdogo baadaye, hiyo ni habari ya ukuaji wake, na kalenda ibaki palepale. Kwa hiyo karatasi ya kwanza itunze kama hati ya kiwanja.

Katika dirisha hilohilo la wiki ya 11 hadi ya 14 hutazamwa pia maji yaliyo chini ya ngozi ya shingo ya mtoto upande wa nyuma. Yakiwa mengi, pamoja na vipimo vya damu, hukadiriwa uwezekano wa hali kama ile ya Down, ambayo mtoto huzaliwa na kromosomu moja ya ziada. Nimesema hukadiriwa. Si hukumu, na si lazima ukubali kupimwa kama jibu lake halitakusaidia kuamua lolote. Na mapacha, nawaomba, wasipite wiki ya 14 bila kutazamwa kama wanatumia kondo moja au kila mmoja ana lake. Wanaotumia kondo moja wanaweza kunyonyana damu, hivyo hufuatiliwa kwa karibu zaidi, na baada ya wiki ya 14 ule utando unaowatenganisha huwa mgumu kusomeka. Picha ya wiki ya 18 hadi 22, ya kukagua viungo kimoja kimoja, ina mhadhara wake. Niseme tu kwamba Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mjamzito apate walau ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na kliniki ya kwanza ahudhurie ndani ya wiki 12 za mwanzo. Hizo picha sita saba ambazo baadhi yenu mnazo kwenye simu, hakuna aliyewadai.

Ila kuna wasiopaswa kusubiri hata siku moja, na hapa naomba kina baba wanisikilize kuliko kina mama, maana ninyi ndio mtakaotafuta usafiri. Maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja. Kutokwa damu. Kizunguzungu au kuzirai. Maumivu ya ncha ya bega ambayo hayana sababu. Hayo yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo ikipasua mrija humwaga damu tumboni mama asiione. Usiku wa manane, nenda. Na aliyewahi kuwa na mimba ya namna hiyo, au aliyefanyiwa upasuaji wa mirija, au aliyeshika mimba akiwa na kitanzi, apime mapema, kwenye wiki ya 6, hata akijisikia mzima. Yeye ana swali tofauti na langu la siku ile. Haulizi kama moyo unapiga, anauliza mimba iko wapi. Ikitokea kipimo cha mkojo kinasema ndiyo na kizazi kinaonekana kitupu, hupimwa homoni ya mimba kwenye damu na kurudiwa baada ya saa 48, na haachwi mpaka ijulikane iliko.

Mnaniuliza kila mara kama mashine inamuunguza mtoto. Ultrasaundi ni sauti, haina uhusiano na mionzi ya eksirei. Ni sauti nyembamba mno kwa sikio, inakwenda, inagonga, inarudi kama mwangwi. Kabla ya kutazama watoto ilikuwa ikitafuta nyufa ndani ya vyuma. Daktari Ian Donald wa Glasgow na wenzake ndio waliochapisha picha zao za tumbo mwaka 1958, wakiwa wameanza na mashine ya aina hiyo. Pamoja na hayo, sauti nyingi huleta joto kidogo, kwa hiyo mpimaji mzuri hupima kwa muda unaohitajika tu, na katika wiki za mwanzo hakusikilizishi mapigo ya moyo kwa spika ili ufurahi. Huyaonyesha kwenye kioo na kuyahesabu hapo. Anayekuuzia nusu saa ya picha za kumbukumbu, mimi simpelekei mtu.

Na hapo tumeshafika kwa mtoa huduma. Watu huchagua kwa ukubwa wa jengo au upya wa mashine. Mimi ningeanza na mtu. Mimba isiyo na matatizo mkunga anaitunza vizuri kabisa, na sisemi hivyo kwa kuwa ni kazi yangu. Mwenye kisukari, presha, mapacha, au aliyewahi kupasuliwa, awe na daktari bingwa wa uzazi karibu. Lakini kumbukeni kwamba anayeshika kichwa cha mashine na anayekutunza mara nyingi ni watu wawili. Wa kwanza muulize amesomea wapi kupima wajawazito, na kama atakupa ripoti iliyoandikwa yenye vipimo, siyo picha tupu. Wa pili muulize hivi: "Picha ikija haieleweki, utafanyaje?" Akisema haijawahi kumtokea, ana maneno matamu tu. Akisema, "Nitakurudisha baada ya siku kadhaa, na nikishindwa nitakupeleka kwa fulani," huyo mshike. Muulize pia nani atapokea simu usiku, na ukifika wakati wa kujifungua utakwenda wapi. Ajibu bila kununa.

Na kipimo cha ukeni ni kwa ruhusa yako. Unaweza kukikataa, unaweza kuomba mwanamke mwingine awepo chumbani, unaweza kukiingiza kwa mkono wako mwenyewe. Kibofu kiwe kitupu kwa hicho. Kwa kile cha juu ya tumbo katika wiki za mwanzo, kunywa maji kwanza, maana kibofu kilichojaa hufungua njia ya kuona.

Maswali. Yule dada mwenye kilemba.

Anasema alipima juzi, wiki ya 6, kifuko kikaonekana na ile pete, mtoto hakuonekana, akaambiwa arudi baada ya siku 10. Anauliza siku hizo 10 afanye nini.

Dada yangu, pole. Walichokwambia ni sahihi, na hicho ndicho ningekwambia mimi. Sitakudanganya kwamba yatakuwa kama yangu. Mimba yangu ya pili nilirudi hivyohivyo baada ya siku 10, na haikuwa imekua. Kulala kitandani hakuokoi mimba ya wiki hizi, na kufua au kwenda kazini hakuiharibu. Endelea na vidonge vyako vya foliki, mikrogramu 400 kwa siku. Usipime mkojo kila asubuhi, ule mstari hautakuambia kitu. Usirudi siku ya tano kwa sababu umechoka kungoja, utaongezewa tu siku nyingine. Ukiona damu nyingi au ukipata yale maumivu niliyoyataja, usingoje siku ya 10.

Namba ya kupiga usiku walikupa? Hawakukupa. Basi kesho asubuhi rudi kaiombe, na siku ya kipimo nenda na mtu.