Kwanza Bashiri, Kisha Pima: Sayansi ya Kila Siku Mbele ya Mwanafunzi

Walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi mliofika,

Ukimwuliza mwanafunzi kwa nini sayansi ni muhimu, atakujibu bila kusita: imetuletea simu, ndege, dawa na umeme. Amejibu sahihi, lakini jibu hilo linamwacha pale pale alipokuwa. Limemfundisha kwamba sayansi ni mali ya watu wengine waliokwisha kuimaliza, na kwamba sehemu yake yeye ni kukariri. Umuhimu wa sayansi humwingia siku anapobashiri jambo la nyumbani kwao, akalipima, akaona ubashiri wake umekataa, na kwa sababu hiyo akabadili namna ya kufanya. Kwa hiyo kila somo nitakaloeleza hapa lina ubashiri, kipimo na uamuzi. Ubashiri uandikwe kwa wino kabla ya kugusa kifaa chochote. Aliyeandika kwa penseli hufuta mara tu aonapo jibu, na akifuta ubashiri amefuta somo.

Nitaanza na kutu, kwa kuwa ni somo rahisi kuandaa na watu wengi hulipita juu juu.

Waulize wanafunzi: chuma kikishika kutu, uzito unaongezeka au unapungua? Wengi huandika kwamba unapungua, maana wameona vyuma vilivyoliwa na kutu hadi vikatoboka. Sasa chukua gramu 5 za sufi ya chuma ya kusugulia. Soma pakiti kwanza, kwa sababu sufi ya chuma kisichoshika kutu itawapotezea wiki nzima. Hata iliyo sahihi huwa na mafuta kidogo ya kuikinga ikiwa dukani, kwa hiyo ichovye katika siki kwa dakika moja hivi, isuuze kwa maji, ikamue na kuikausha upesi. Iweke juu ya kisahani, vipime vyote viwili kwa pamoja, andikeni. Kisha inyunyizieni maji kila siku kwa muda wa wiki moja.

Madarasa mengi huharibu kazi hii mwishoni. Sufi yenye unyevu ndani yake itaonyesha uzito mkubwa, na mwanafunzi mwenye akili atauliza kama si maji tu hayo. Yuko sawa kabisa. Ikausheni juani, mpime, mkaushe tena, mpime tena, hadi vipimo viwili mfululizo vilingane. Na msiiondoe kwenye kisahani, kwa kuwa unga wa kutu ukimwagika hesabu itageuka. Ikifanywa hivyo, uzito huonekana umeongezeka. Kuna kitu kimeingia kwenye chuma. Kimetoka wapi?

Jaribio la pili linajibu. Sukuma sufi nyingine iliyosafishwa, yenye unyevu, hadi kwenye kitako cha neli ya majaribio, ikaze isije ikadondoka. Pindua neli, mdomo uingie katika bakuli la maji, utie alama maji yalipofika. Baada ya siku kadhaa maji hupanda ndani ya neli hadi karibu sehemu moja ya tano ya nafasi iliyokuwa na hewa, halafu hukoma. Ukiacha wiki nyingine hayaendi juu zaidi. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, nayo ndiyo iliyochukuliwa na chuma. Maji yakisimama chini ya hapo, angalia kama sufi ilikuwa ndogo mno, au maji ya bakuli yalikauka mdomo wa neli ukabaki wazi. Tena someni alama saa ile ile kila siku, kwa sababu hewa iliyo ndani hutanuka mchana na kusinyaa alfajiri, na maji yatashuka na kupanda bila kutu kuhusika.

Sasa twende kwenye uamuzi. Chukueni misumari isiyo na zinki, maana ile iliyopakwa zinki itakataa kushika kutu na kuwachanganya. Mmoja uwekwe katika maji ya kawaida, wa pili katika maji ya chumvi, wa tatu upakwe rangi, na wa nne upakwe rangi kisha ukwaruzwe mstari mmoja, nao miwili hii iwekwe katika maji ya chumvi. Wa maji ya chumvi hutangulia ule wa maji ya kawaida, kwa kuwa chumvi iliyoyeyuka hurahisisha chaji za umeme kupita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na mmenyuko wa kutu unategemea mkondo huo. Wa nne ndio wenye thamani kuliko yote: kutu huanzia kwenye mkwaruzo na kutambaa chini ya rangi ambayo kwa nje bado inang'aa. Mwanafunzi aliyeuona msumari huo hahitaji kuhimizwa. Anajua kwa nini mkwaruzo kwenye baiskeli uzibwe mapema, na kwa nini kupaka rangi juu ya kutu bila kupiga msasa ni kuficha ugonjwa.

Jambo la pili ni maji ya kunywa, na hapa nawaomba tuwe waangalifu, maana somo hili likifundishwa nusu linaweza kumdhuru mtoto.

Jaribio linalopendwa ni la chujio la mchanga. Kata kitako cha chupa ya plastiki, igeuze mdomo uwe chini, ziba mdomo kwa kitambaa, weka kokoto, juu yake mchanga wa chembe kubwa, juu kabisa mchanga laini. Mchanga uoshwe kwanza hadi maji ya kuoshea yatoke safi, la sivyo maji yatatoka machafu kuliko yalivyoingia. Mimina maji ya tope taratibu, nayo yatatoka yameng'aa. Darasa hushangilia, mwalimu huridhika, kipindi huisha. Hapo ndipo hatari ilipo! Bakteria wengi wana urefu wa mikromita moja hadi chache tu, na nafasi kati ya chembe za mchanga ni kubwa kuliko hapo mara nyingi. Maji hayo ni maangavu na yanaweza kuwa na vijidudu tele. Mwalimu aseme kabla ya kuanza kwamba hayanywewi, kisha awaulize wanafunzi waandike: je, ni salama? Majibu ya "ndiyo" ndiyo atakayoyafanyia kazi kwa kipindi kizima kinachofuata. (Machujio makubwa ya mchanga yanayopitisha maji polepole, ambayo baadhi ya miji huyatumia kusafisha maji, hufanya kazi zaidi kwa sababu ya tabaka hai linalojijenga juu ya mchanga kwa siku au wiki kadhaa, na chupa ya darasani haina tabaka hilo.)

Kuchuja kunabaki na faida, kwa kuwa hatua zinazofuata zinahitaji maji maangavu. Klorini humaliza nguvu zake kwenye uchafu kabla ya kuwafikia vijidudu, na hata maji yakiwa safi inahitaji kama dakika 30 kufanya kazi. Njia ya jua nayo inataka chupa ya plastiki isiyo na rangi, isizidi lita 2, ilazwe kwenye jua kali kwa saa 6, au siku mbili mfululizo mawingu yakitanda. Miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ndiyo inayoua, na tope huizuia. Kupima uangavu ni rahisi: simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, chungulia kutokea juu kupitia mdomo wake. Herufi zisiposomeka, maji hayajafaa kwa njia hii.

Kuchemsha ni njia ya uhakika dhidi ya vijidudu: yatokote kwa nguvu dakika 1, na dakika 3 mahali palipo juu ya mita 2,000, kwa sababu huko maji hutokota kwenye nyuzijoto 93 hivi badala ya 100. Lakini mwanafunzi ajue pia mpaka wa njia hii. Kemikali kama floraidi, naitreti na aseniki haziondoki kwa kuchemsha, na maji yakipungua kwa mvuke zinakolea zaidi. Kila njia ina adui wake, na wanafunzi wajifunze kuuliza kwanza ni adui gani aliyemo.

Ndivyo alivyofanya daktari John Snow mjini London mwaka 1854, wakati wa kipindupindu, kabla haijakubalika kwamba ugonjwa huo huletwa na vijidudu. Aliweka vifo kwenye ramani, vikakusanyika kuzunguka pampu ya Broad Street. Ila kilichonivutia siku zote ni kwamba aliwafuatilia hata waliokuwa jirani na pampu na hawakuugua: wafanyakazi wa kiwanda cha bia, waliokuwa wakinywa bia na kutumia kisima chao wenyewe. Mwonyesheni mwanafunzi kutazama wale ambao hawakuugua.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi. Lita 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 inahitaji juli 315,000. Birika la wati 2,000 lingetumia dakika 2 na sekunde 38 hivi. Wabashiri hivyo, kisha mwalimu apime kwa saa huku mfuniko umefungwa, maana birika lililo wazi huenda lisijizime: swichi yake husubiri mvuke. Muda halisi huzidi hesabu, na ile ziada ni joto lililoingia kwenye birika na hewani. Halafu wahesabu gharama ya kuchemsha lita moja na nusu kwa ajili ya kikombe cha mililita 250: nishati mara sita. Na balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku 30 hula uniti 9, wakati balbu ya LED ya wati 9 yenye mwanga unaokaribiana hula uniti 1.35.

La mwisho ni kijiko. Maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha hutengenezwa kwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji salama. Sukari imo kwa sababu kuta za utumbo mwembamba hupokea sodiamu itokayo kwenye chumvi na glukosi itokayo kwenye sukari kwa pamoja, na maji huzifuata. Chumvi ikizidi, mtoto hudhurika. Kila mwanafunzi alete kijiko cha kwao, apime kwenye mizani chumvi iliyosawazishwa kwa rula, kisha iliyojaa kichuguu. Kijiko cha mililita 5 kilichosawazishwa huwa na gramu 6 hivi, na cha kichuguu kinaweza kufika karibu maradufu.

Kwa mtihani, msiulize "Taja umuhimu wa sayansi". Ulizeni hivi: mama wa jirani amechuja maji kwa kitambaa hadi yakang'aa, akachanganya sukari na chumvi kwa kijiko kilichojaa, mwambie abadili nini, na kwa nini. Mpeni alama moja anayetaja la kubadili. Anayeeleza sababu apewe tatu.