Sebuleni: Maadili ya Kwenye Mtihani

REHEMA: Haya, tumerudi. Leo nambana mwenzangu, maana alishawahi kushika chaki. Kaka Baraka, mtoto akisoma Uraia na Maadili anatoka na nini?

BARAKA: Muhtasari wa somo unataka aheshimu jamii, aithamini, awajibike, awe mstahimilivu, mwadilifu, adumishe amani. Bendera na katiba humo humo. Na darasa la saba anafanyia mtihani wake, alama 50 kati ya 300 za masomo yote, sawasawa na Hisabati.

REHEMA: Sawa na Hisabati! Sisi ilikuwa Uraia tu.

BARAKA: Maadili yenu yalikuwa kwenye fimbo, dada. (Kicheko) Sasa mtaala wa 2023 unayahamishia kwenye somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili.

REHEMA: Ila yale maswali, jamani. Umeokota pesa shuleni: utanunua pipi, utaficha, au utampelekea mwalimu? Nani wa kukosa hapo?

BARAKA: Hakosi mtu. Tena kwenye mtihani wa somo hilo hilo niliwakamata wawili wa darasa la tano wanaangaliziana.

REHEMA: Wanadesa maadili!

BARAKA: Mmoja kaisogeza karatasi ukingoni mwa dawati, mwenzie anakopi taratibu, hana hata wasiwasi. Namuuliza mwenye karatasi kwa nini. Ananijibu, "Mwalimu, huyu hunigawia mihogo kila mapumziko. Nimnyimeje?"

REHEMA: We!

BARAKA: Na kitabuni tumewafundisha wasiwe wachoyo. Basi kesho yake sikufungua kitabu, nikalitupia darasa swali: yule alikuwa mkarimu au mdanganyifu? Kelele zake sasa! Nusu wakasema rafiki hanyimwi. Binti mmoja wa nyuma akasimama: "Mihogo ni yake, agawe. Jibu si mali yake, ni la mtihani." Wakamzomea. Hakukaa.

REHEMA: Huyo angekuwa na miaka mingapi, kumi na moja? Kuna watu wazima maofisini hawajafika hapo. Ndugu kaomba tenda, "nimnyimeje?"

BARAKA: Umeona? Mtoto anajua wizi ni mbaya tangu hajaanza shule. Kinachompa shida ni mema mawili yakigongana, na hapo A, B, C, D haisaidii.

REHEMA: Kwa hiyo ifutwe kwenye mtihani. Ningekuwa na uwezo ningeifuta kesho. Mnampima mtoto kwa kubahatisha tabia.

BARAKA: Hapo nakukatalia. Ikitoka kwenye mtihani, kipindi chake kinachukuliwa na mwalimu wa Hisabati wiki hiyo hiyo. Nimeyaona kwa michezo. Bora iwemo, ila swali moja la mwisho liwe la kujieleza.

REHEMA: Na nani atasahihisha maelezo ya watoto zaidi ya milioni moja?

BARAKA: Ee, hilo waulize Baraza la Mitihani.

REHEMA: Umekimbia! Wasikilizaji, mmemsikia. Tutumieni sauti: yule wa mihogo mngemfanya nini?