Goti linalia, paja ndo limelala

Haya jamani, wazee wangu shikamooni, wengine habari za jioni. Leo ni magoti, ila nitaanzia juu kidogo, kwenye paja. Kila mtu anyooshe mguu wake mmoja, aulegeze, aweke kiganja juu ya goti. Umekisikia kile kifupa cha mviringo? Kisukume huku na huku, kinacheza eeh? Hiyo ndo pia ya goti, wengine tunaita kilegesambwa. Sasa kaza paja. Umeona, imepanda juu na imetulia, hata uisukume haiendi.

Hiyo pia ya goti haikai peke yake, imo ndani ya kano, ile kamba ngumu inayoshika msuli kwenye mfupa, la ule msuli mkubwa wa mbele ya paja wenye vichwa vinne, na inateleza kwenye mfereji ulioko mwisho wa mfupa wa paja, kama droo kwenye reli zake. Kichwa cha ndani kinaivuta huku, cha nje kinaivuta kule, sasa cha ndani kikilegea, pia ya goti inaegemea nje, na ule mzigo uliotakiwa utandazwe kwenye gegedu lote, ile tabaka laini inayofunika mifupa ndani ya goti, unakandamiza sehemu ndogo tu, kila siku hapo hapo, mpaka panalika. Kuna wengine pia ya goti haijahama, ni mfereji ndo umehama, misuli ya nyonga ikiwa dhaifu mfupa wa paja unajizungusha kuelekea ndani, kwa hiyo ukiona mtu anachuchumaa magoti yanataka kubusiana usiangalie goti tu, angalia na nyonga.

Na mzigo wenyewe sio wa mchezo. Ukipanda ngazi, pia ya goti inakandamizwa kama mara 3 ya uzito wako, mtu wa kilo 80 hapo tunaongelea kilo 240, na ukichuchumaa hadi chini ndo inazidi mara mbili ya hapo. Gegedu halina mishipa ya damu, likichanika haliponi kama ngozi, na halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo linaweza kulika kimya kimya na wewe husikii kitu.

Najua mtaani tunasema mafuta ya goti yameisha. Wengi wanaokuja kwangu wanasema hivyo hivyo. Kuna mama mmoja alikuja anashuka ngazi kinyumenyume kama anashuka kwenye dari, miezi sita ameambiwa apumzike tu na amepumzika kweli, hata maji anachotewa. Nikachukua tepu ya fundi cherehani nikapima mapaja yote mawili, sentimita 10 juu ya pia. Mguu unaouma ulikuwa mwembamba kwa sentimita 3! Aliangalia ile tepu akanyamaza, akaniuliza, mwanangu nyama yangu imeenda wapi?

Nyama imelala. Goti likivimba ubongo unauzima msuli wa paja, na haihitaji maji mengi, mililita 20 hadi 30 tu, vijiko viwili vya chakula, kile kichwa cha ndani kinaanza kugoma. Msuli ukigoma, pia ya goti inayumba, ikiyumba goti linauma zaidi, likiuma unapumzika zaidi, na paja linazidi kuisha. Mi hiki kitu kinaniuma sana, kwa sababu mtu anapumzika kwa nia njema kabisa.

Ila goti lililovimba na kuwa la moto, au una homa, au limekwama halinyooki, au ulianguka huwezi kulikanyagia, hilo usilifanyie mazoezi, wahi hospitali.

Wengine wote chukueni kanga, ikunjeni iwe kama mto mdogo, wekeni chini ya goti. Ikandamize kanga kwa goti, kaza paja, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi. Yule mama tulianza na hii hii, baadae tukaenda kwenye kukaa na kusimama kwenye kiti kirefu bila kushika kitu, wiki ya tatu ndo akaanza kushuka ngazi akiangalia mbele.

Haya, mguu wa kulia kwanza. Bibi hapo nyuma, vidole viangalie juu. Kaza… moja, mbili…